Sensa ya joto ndiyo ya kununua, kioo ni mapambo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa wajasiriamali Jumamosi iliyopita, ile ya kuunda kabati la umeme la kukaushia nyama kwa moshi, niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo inayonilisha na sikuwahi kuiona ikiandikwa gazetini. Mara ya pili nikakwama pale mwandishi anapowaambia vijana kwamba wakishapata bati na koili, wanunue kidhibiti joto chochote cha dijitali kwa sababu vyote hufanya kazi moja. Nikaweka kikombe cha chai chini. Ushauri huo huo niliwahi kupewa mimi, nikaufuata, na ukanila kilo 14 za soseji kwa mkupuo mmoja.

Mimi ni mpishi. Nimepika kwenye kambi za watalii miaka 19, Tarangire, Ndutu na kwingineko, kwa jiko la mkaa na oveni ya sanduku la bati lenye makaa juu na chini. Huko kidhibiti ni kiganja chako: unafungua mlango, unaingiza mkono, unahesabu mpaka unaposhindwa kuvumilia, na kwa hesabu hiyo unajua kama mkate utaiva au utaungua. Nilipoacha porini nikaanzisha karakana ndogo nyuma ya nyumba hapa Njiro, Arusha. Natengeneza soseji za ng'ombe, kuku wa moshi, na nyama ya kidari inayolala kabatini usiku kucha. Wateja wangu ni loji mbili, mgahawa mmoja wa mjini, na majirani ambao pua zao huwaleta wenyewe.

Kabati alinitengenezea fundi wa kuchomelea. Ni bati lisiloshika kutu, kuta mbili zenye sufi ya kioo katikati, na koili moja ya wati 2,000 chini. Kazi nzuri, sina la kumlaumu. Kidhibiti tulikifuata dukani tukiwa na fundi mwingine wa umeme, tukachagua kile chenye kioo kinachopendeza: namba nyekundu juu ndiyo joto lililopo, namba ya kijani chini ndiyo joto unalolitaka. Sensa yake, yaani kile kinachohisi joto, ilikuwa waya pacha wa aina K, nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa nchani, urefu wa mita moja hivi. Kwa kuwa kidhibiti nilitaka kikae mbele karibu na mlango, na sensa iingilie nyuma, waya haukufika. Fundi akakata kipande cha waya wa spika, akaunga, akazungushia tepu, na kazi ikaisha.

Mkupuo wa kwanza wa soseji niliuwekea nyuzi 75. Kwa wasiofanya kazi hii niseme kidogo: soseji hupandishwa joto polepole, na ndani yake hutakiwa kufika nyuzi 71 ndipo nyama ya kusaga ya ng'ombe iwe salama. Lakini hewa ya kabati ikipita sana nyuzi 80, mafuta yanayeyuka na kukimbia kabla nyama haijashikana. Kioo changu kilisema 75, kikatulia kwenye 75, nami nikaenda kukatakata vitunguu nikijisifu. Nilipofungua mlango nikakuta soseji zimekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na trei ya chini imejaa mafuta. Ukiikata moja unaona nyama kavu, chembe chembe, kama ugali wa jana. Mbwa wa jirani ndiye aliyefaidi wiki ile.

Fundi akaja mbio, mtu mwungwana. Akachomoa sensa na waya wake wote, akaviweka kwenye meza ya jikoni, akachemsha maji na kutumbukiza ncha. Kioo kikasema 95. Akacheka. "Mama, ugonjwa tumeupata. Sensa inasoma chini kwa nyuzi tano, maji yanachemka kwa 100." Akaingia kwenye mipangilio, akatafuta herufi SC, akaongeza tano. Kioo kikasema 100. Nikamlipa nauli na soda.

Hapa nataka vijana wasome taratibu. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji ya hapa hayachemki kwa nyuzi 100. Yanachemka kwa takriban 95. Ukipanda Mbeya ni kama 94. Dar es Salaam ndiko kwenye 100. Kwa hiyo sensa yangu pale kwenye sufuria ilikuwa imesema kweli tupu, na fundi akaifundisha kusema uongo. Mwenye kutaka kupima sensa huku milimani atumie barafu iliyopondwa ndani ya maji kidogo, akoroge vizuri: hiyo ni sufuri kila mahali, bondeni na mlimani.

Mkupuo wa pili mafuta yakatoka tena, pungufu kidogo. Safari hii nilikuwa mjanja. Nilichukua kile kipimajoto cha kuchoma nyama nilichotoka nacho kambini, nikakitundika kwenye ndoano ile ile palipo na sensa, nikafunga mlango, nikasubiri nusu saa. Kioo kilisema 75. Kipimajoto changu kilisema 92.

Aliyenitoa gizani ni mzee wa majokofu, mstaafu, anayekaa mtaa wa pili. Hakugusa kioo kabisa. Alizunguka nyuma ya kabati, akafuata waya kwa vidole mpaka akafika kwenye ule mshono wa tepu, uliokuwa umelalia bati la nyuma. Akauminya, akautoa mkono haraka. "Dada, hapa pana nyuzi 50, ukipenda kapime." Nikapima, ni 50. Kisha akanieleza, na maelezo yake nayaandika jinsi nilivyoyaelewa. Waya wa aina K haupimi joto la ncha peke yake. Unapima tofauti kati ya ncha na mahali unapoishia. Kidhibiti kinadhani umeishia kwenye skrubu zake, kwa hiyo kinachukua ile tofauti na kuijumlisha na joto la pale kilipo chenyewe, tuseme 28. Lakini fundi alipouunga kwa shaba ya waya wa spika, waya wa aina K ulikuwa umeishia kwenye mshono, penye 50. Nyuzi 22 zikapotea njiani. Kabati likiwa 97, kioo kinasema 75. Toa zile tano alizoziongeza fundi kwa maji ya kuchemka, unabaki na 92 zangu kamili. Kwenye meza ya jikoni mshono ulikuwa umepoa, ndiyo maana mtihani wa sufuria haukuona kitu.

Ndugu Mhariri, kioo kilikuwa kizima na kidhibiti kilikuwa kizima, na bado nilikuwa natupa nyama. Ndiyo maana nasema anayenunua kitu hiki aanzie kwenye sensa, kisha arudi nyuma hadi kwenye namba zinazong'aa. Dukani watu hufanya kinyume.

Mimi sasa natumia sensa ya PT100, yenye kijiti cha chuma na nyaya tatu. Ndani yake mna kipande chenye ukinzani wa omu 100 kwenye sufuri, na unaongezeka kwa karibu omu 0.385 kila nyuzi moja. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini nyaya ni tatu: ukiunga waya mrefu mwembamba wenye omu moja tu ya ziada, na sensa ni ya nyaya mbili, umeshapotoka kwa nyuzi mbili na nusu. Waya wa tatu unakiwezesha kidhibiti kuutoa ule ukinzani wa waya wenyewe. Unaweza kuirefusha kwa waya wa shaba wa kawaida, mradi zote tatu ziwe sawa kwa urefu na unene. Anayebaki na aina K si kosa, kwa joto la juu ni nzuri sana, ila akitaka kurefusha anunue waya wa aina K kwa mita, si wa spika, na aangalie asigeuze chanya na hasi. Na ganda la waya liwe la silikoni au la nyuzi za kioo. Ganda la plastiki la kawaida huanza kulainika kwenye joto la kuku.

Kabla hata ya sensa kuna swali ambalo makala yenu haikuliuliza: unakausha nini? Madukani vimejaa vidhibiti vidogo vyeusi vya bei ndogo, vile vinavyofungwa kwenye majokofu na kwenye vitotoleshi vya vifaranga. Kimojawapo kinachojulikana sana, STC-1000, kimeandikwa mwisho wake ni nyuzi 99. Si kibovu, kimetengenezewa kazi yake. Lakini kuku wangu nawaweka kwenye 110, ili ndani ya paja ifike 74 ngozi ikiwa bado inapendeza. Kijana akinunua kidhibiti cha mwisho 99 atabonyeza kitufe cha kupandisha mpaka kidole kiume. Na akikitumia kwa soseji huenda kikamfanyia jambo lingine: baadhi ya vidhibiti hivi vimezoea kuilinda kompresa, kwa hiyo vina dakika za kusubiri kabla ya kuwasha tena. Asipozipunguza kwenye mipangilio, kabati linapoa huku yeye anakodoa macho.

Sipigi debe la vitu vya bei. Kuna jirani yangu anayekausha kuku tu, na amefunga thamostati ya oveni ya kawaida, ile ya kuzungusha kwa mkono yenye mrija wa shaba na kibofu mwishoni. Haina kioo, haina programu. Joto lake hupanda na kushuka nyuzi kumi hivi, na kuku hawajali hata kidogo. Umeme ukitingishika yeye hana cha kuungua. Kwa kuku ningemshauri mtu anunue hiyo kabla ya dijitali ya jokofu. Kwa soseji haifai, maana hizo nyuzi kumi ndizo tofauti ya soseji na mbolea.

Kwa soseji unahitaji kidhibiti kinachojifunza kabati lako, aina ambayo mafundi huiita PID. Thamostati ya kawaida huwasha koili yote mpaka joto lifike, kisha huzima, na koili iliyokwisha kuwa nyekundu inaendelea kutoa joto hata baada ya kuzimwa. Kabati langu lilipokuwa na ya namna hiyo lilipanda mpaka 96 nilipoweka 80. PID hupunguza mapema, inawasha sekunde chache, inazima chache, kadiri inavyokaribia. Lakini haizaliwi ikijua. Kwenye PID iitwayo REX-C100 na nyingi zinazofanana nayo kuna herufi ATU. Unaweka 1, unaliacha kabati lipande na kushuka lenyewe mara kadhaa, baada ya hapo limejijua. Fanya hivyo kabati likiwa na mzigo wa kawaida. Mimi mara ya kwanza nililifundisha likiwa tupu, nikashangaa kwa nini linaenda mrama nikiweka kilo 20.

PID pia huvumilia umeme wetu vizuri zaidi. Jioni watu wakiwasha majiko na pasi, volti kwangu hushuka hadi 200 hivi. Watu hudhani koili ya wati 2,000 inabaki ya wati 2,000. Kwa volti 200 badala ya 230 inatoa kama 1,500 tu. Kidhibiti kinachopima na kurekebisha kinaongeza muda wa kuwasha chenyewe, na soseji hazijui kama mtaa mzima unapiga pasi.

Sasa kazi hiyo ya kuwasha na kuzima ina mtu anayeifanya, na mtu huyo ni rilei, swichi inayoamriwa na kidhibiti. Rilei ya sumaku iliyo ndani ya kidhibiti kwa kawaida huhesabiwa mizunguko kama laki moja ikiwa imebeba mzigo wake kamili. PID ikiwasha na kuzima kila sekunde 20, ni mara 180 kwa saa. Kwa kazi ya saa nane kwa siku, laki moja inaisha ndani ya siku 70. Ndiyo maana watu wanalalamika kidhibiti kimekufa kabla ya miezi mitatu na kumtukana muuzaji. Tumia rilei ya nje isiyo na sumaku, SSR, na ununue kidhibiti chenye mlango wake. Kwenye kibandiko cha REX-C100, baada ya ule mstari mdogo, herufi V ina maana kinatoa volti za kuiendesha SSR, na M ina maana kina rilei ya sumaku ndani. Vinafanana kama mapacha. Mimi nimewahi kurudi dukani na M mkononi, muuzaji akaniapia hakuna tofauti.

SSR nayo ina tabia zake. Hupata moto ikifanya kazi, kwa hiyo lazima ikae juu ya kipande cha alumini chenye mapezi, nje ya kabati, penye hewa. Iliyoandikwa ampea 40 usiibebeshe 40; koili yangu inakula kama 8.7 na mzee wa majokofu alikataa nifunge chini ya 25. Na jambo ambalo ningependa mlichapishe kwa herufi nene: SSR ikifa, mara nyingi hufa imeshika. Haikati umeme, inauachia moja kwa moja. Kioo kitaonyesha joto linapanda, 120, 140, 160, kidhibiti kitakuwa kimeshaamuru zima, na hakuna anayemsikiliza. Ndani kuna mafuta yanayodondoka juu ya koili nyekundu, na wewe umelala.

Kwa hiyo kuna kitu cha pili kisichohusiana kabisa na kidhibiti, na bei yake dukani ni chini ya kilo moja ya nyama. Ni thamostati ndogo ya kukata, mviringo kama kifungo cha koti, isiyo na kioo wala sensa ya waya. Yangu inakata kwenye 130 na hairudi yenyewe mpaka ubonyeze kitufe chake kwa mkono. Imefungwa kwenye njia ya umeme mkuu unaokwenda kwenye koili, si kwenye nyaya ndogo za kidhibiti. Tangu niifunge imekata mara moja, saa tisa usiku, na asubuhi nikakuta SSR imenata. Nyama ya kidari ilikuwa imepoa, nikaitupa. Nyumba ilikuwepo.

Muulizeni muuzaji na hili pia: umeme ukikatika na kurudi, kinaendelea pale kilipoachia au kinabaki kimezima? Aina zote mbili zipo. Mimi nataka kinachoendelea, lakini nimejiwekea saa ya ukutani ya umeme, ya zamani, kwenye soketi ile ile. Umeme ukikatika nayo inasimama. Asubuhi nikikuta imechelewa saa tatu, najua nyama ilikaa vuguvugu saa tatu, hata kama kioo kinaniambia kila kitu ni shwari.

Mwandishi wenu hakugusa suala la moshi, nami sikulitarajia, mpaka nilipopata kidhibiti kizuri. Kwenye nyuzi 65 koili kubwa huwashwa kidogo sana, na vipande vya kuni vilivyowekwa juu yake havifuki. Joto zuri, nyama nyeupe. Ikabidi niweke kisanduku pembeni chenye koili yake ndogo ya wati 300 na swichi yake, kidhibiti hakiingilii huko. Ndani naweka vijiti vikavu vya mibuni, vile wakulima wa Meru wanavyopogoa na kutupa, au vya mpera. Mkaratusi na msindano hapana, utauza nyama inayonukia dawa ya kikohozi.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni marekebisho mafupi kwenye ukurasa ule ule, kabla vijana hawajapanga foleni kununua vidhibiti vya majokofu. Alhamisi naweka kuku 12 na kilo 20 za soseji. Mwandishi wenu akitaka kuja kuona anakaribishwa, chai ipo, kuni zipo. Aje na kipimajoto chake mwenyewe, tukitundike kwenye ndoano karibu na changu.

Wenu,
Mpishi mstaafu wa kambi,
Njiro, Arusha